Bangili ya fedha ya Wanavajo: imesubiwa kwenye mchanga au kwenye jiwe?

Msomaji wetu mmoja, sonara kijana wa Mji wa Kale, Mombasa, ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Dada yangu anaishi Arizona, amekuja likizo na bangili nzito ya fedha yenye jiwe moja la feruzi. Muuzaji alimwambia ni kazi ya Wanavajo iliyosubiwa kwenye mchanga. Nimeigeuza na kuigeuza, sioni dalili ya mchanga. Upande wa ndani ni bapa kabisa, na upande wa juu kila utepe una kigongo katikati kama paa la nyumba. Je, kweli ni kazi ya mchanga? Inafanywaje, na mimi naweza kuifanya hapa kwetu? Halafu dada anasema inambana. Nimpanulie?"

Marahaba, mwanangu. Macho yako yameona sawasawa. Upande wa ndani ulio bapa na kigongo cha katikati ndivyo vinavyonifanya niamini kwamba bangili hiyo haikugusa mchanga hata kidogo. Ilisubiwa kwenye jiwe, yaani fedha iliyoyeyushwa ilimiminwa humo ikapata umbo. Wauzaji wa kule kwa Wanavajo, wenyeji asilia wa kusini-magharibi mwa Marekani, na hata mafundi wenyewe wakizungumza Kiingereza, wamezoea kuiita kazi ya mchanga, na jina limeshika. Lakini kalibu yake ni jiwe lililochongwa kwa mkono, na ukilifahamu jiwe hilo utaisoma bangili nzima: kwa nini ni nene, kwa nini kingo zake zimelala kidogo, kwa nini nakshi yake ni tepe zilizopinda na kuacha uwazi katikati badala ya sahani iliyojaa.

Jiwe lenyewe ni majivu ya volkano yaliyoshikamana kwa muda mrefu. Kaskazini mwa Arizona, kuuzunguka mji wa Flagstaff, kuna eneo pana la volkano zilizozimika, na San Francisco Peaks, kilele chake kikuu, ni mmojawapo wa milima minne mitakatifu inayoizunguka nchi ya Wanavajo, au Diné kama wanavyojiita wenyewe. Mafundi huliita jiwe hilo tufa. Ni jepesi, hukatika kwa msumeno wa mbao, huchongeka kwa kisu, lina vinyweleo vinavyopitisha hewa, na halipasuki kwa urahisi likimiminiwa fedha ya moto. Jiwe lenye sifa hizo zote kwa pamoja si rahisi kulipata. Zamani walichonga kalibu hata kwenye mawe laini ya mchanga, kwa hiyo jina lile halikuzuka hivi hivi.

Kabla sijaingia kwenye ufundi, nikueleze kazi hii ilikotoka, maana watu hudhani ni ya kale sana. Wanavajo walivaa fedha kabla hawajaanza kuifua. Waliipata kwa biashara na kwa vita, kutoka kwa Wameksiko na kutoka kwa makabila ya nyanda za mashariki. Fundi anayetajwa kuwa wa kwanza miongoni mwao kuifua ni Atsidi Sani. Huyu alianza na chuma, hasa vyuma vya hatamu za farasi, akifundishwa na mhunzi wa Kimeksiko. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwafukuza Wanavajo kutoka nchi yao huku likiwachomea mashamba na kuwakatia miti ya matunda, likawatembeza kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, mashariki mwa New Mexico. Zaidi ya watu 8,000 walizuiliwa huko, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Mkataba wa tarehe 1 Juni 1868 ndio uliowaruhusu kurudi kwao. Mtafiti John Adair, aliyekusanya simulizi za wazee wa fani hii mwishoni mwa miaka ya 1930, aliambiwa kwamba ni baada ya kurudi huko ndipo Atsidi Sani alipojifunza fedha, akawafundisha wanawe wanne, na wao wakawafundisha wengine.

Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Watu walirudi kwenye nchi iliyochomwa, wakaanza upya kukusanya kondoo, na katika kizazi hicho hicho wakajenga fani ya fedha ambayo leo inatambulika ulimwengu mzima. Katika miaka ya 1870 na ya mwisho wa karne hiyo fani ilivuka kutoka kwao kwenda kwa majirani zao Wazuni, na kutoka Zuni ikafika kwa Wahopi.

Fedha waliipata kwenye sarafu, jinsi mababu zetu wa pwani na wa Omani walivyoyeyusha riale za Maria Theresa. Walianza na dola za Marekani. Serikali ilipokaza marufuku ya kuyeyusha sarafu zake, wenye maduka ya biashara kwenye nchi ya Wanavajo, mathalani Lorenzo Hubbell aliyeanza duka lake Ganado mwaka 1878, waliwaletea peso za Meksiko. Riale ya Maria Theresa ina fedha karibu asilimia 83, na iliyobaki ni shaba hasa. Peso zile zilikuwa na takriban asilimia 90. Ndiyo sababu kazi ya zamani ya Kinavajo ina weupe mzito, tofauti na vikuku vya zamani vya kwetu. Siku hizi hutumia fedha ya asilimia 92.5, ile ile unayoijua.

Mwanzoni kalibu haikuwa ya kutoa pambo lililokamilika. Washington Matthews, daktari wa jeshi aliyekaa Fort Wingate na kuwaangalia mafundi wakifanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1880, aliandika kwamba walichonga kalibu kwenye jiwe laini la mchanga kwa patasi waliyojitengenezea, wakaipaka mafuta ya mnyama, wakamimina fedha, kisha kipande kilichotoka wakakifua kwa nyundo hadi kikawa kitu walichokitaka. Walipuliza moto kwa kiriba cha ngozi ya mbuzi. Kalibu zilichongeka kwa wepesi kiasi kwamba fundi alipohama aliziacha hapo hapo. Baadaye wakaja kutambua kwamba ukiifunika kalibu kwa jiwe la pili lililo bapa, fedha inaweza kutoka ikiwa na umbo lake la mwisho, ikabaki kazi ya tupa na kung'arisha tu. Hapo ndipo ilipozaliwa bangili aliyokuja nayo dada yako.

Vitu viwili vilivyosubiwa hivyo tangu zamani vinastahili kutajwa. Cha kwanza ni ketoh, sahani ya fedha inayofungwa kwenye kanda pana la ngozi la kifundo cha mkono. Lilikuwa la kumkinga mpiga mishale na pigo la upote wa upinde, na baadaye likawa pambo la wanaume. Nakshi yake kwa kawaida hutoka katikati na kutawanyika kwenye pande nne. Cha pili ni naja, hilali inayoning'inia mwisho wa mkufu mkubwa. Wasomaji wetu wa pwani watashangaa kujua ilikopita. Wahispania waliitundika kwenye paji la farasi kama kinga dhidi ya jicho baya, na wao waliichukua kwa Waislamu waliotawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hadi 1492. Ikavuka bahari na farasi, ikafika Meksiko, ikaishia kifuani kwa Mnavajo. Kwao haina maana ya dini ya Kiislamu. Ni umbo walilolipenda, wakalifanya lao.

Sasa kazi yenyewe. Fundi huchukua bonge la tufa na kulipasua vipande viwili kwa msumeno. Kisha huvisugua kimoja juu ya kingine, uso kwa uso, mpaka vikutane bila mwanya hata wa unywele. Hatua hii wanaoanza huiharakisha, na ndiyo inayoharibu kazi, kwa sababu pakibaki mwanya fedha hupenya humo na kutoka kama ukoko mwembamba kandokando ya nakshi yote. Kipande kimoja hubaki bapa. Ndicho kilichoupa upande wa ndani wa bangili yako ubapa wake.

Kwenye kipande cha pili fundi huchora nakshi na kuichonga kwa kisu, sindano nene au ncha ya tupa iliyovunjika. Huchonga kinyume: panapotakiwa kuinuka kwenye fedha, yeye huzamisha. Kisu kikipita mara mbili, kila mara kikilala upande wake, mfereji hutoka na umbo la V, na fedha ikijaa humo hutoka na kile kigongo chako cha katikati. Kingo zilizolala ndizo zinazoruhusu fedha itoke bila kung'ang'ania jiwe. Mfereji wenye kuta za wima hushika, na ukilazimisha, nakshi inavunjika. Kwa hiyo urembo huo unatoka kwenye mwendo wa kisu na mahitaji ya jiwe kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeongeza kigongo kwa ajili ya pambo tu.

Baada ya nakshi huchongwa njia ya kumiminia, yenye mdomo mpana juu na shingo inayoingia kwenye sehemu nene ya nakshi. Usiifanye nyembamba. Fedha ikiganda husinyaa, na inaposinyaa hutafuta fedha nyingine ya kuziba nafasi iliyoachwa. Mdomo ukiwa mkubwa hubaki na majimaji hadi mwisho na kuilisha nakshi, na ukiwa mdogo hukauka kwanza, kisha utaona mashimo ndani ya bangili. Halafu huchorwa vijia vyembamba vya hewa kutoka kila ncha ya nakshi hadi ukingoni mwa jiwe. Hewa isipopata pa kutokea, fedha haifiki nchani.

Kinachofuata ni masizi. Uso wa kalibu hufukizwa kwa moto wenye moshi mwingi mpaka uwe mweusi wote. Zamani walitumia moshi wa mti wenye utomvu, leo wengi hutumia gesi ya asetilini bila oksijeni. Masizi hulainisha njia ya fedha na kulikinga jiwe ili litumike tena. Kalibu nzuri huweza kutoa pambo zaidi ya moja, lakini kila mara moto huila kidogo, nakshi ikapoteza makali, na mwishowe jiwe hupasuka.

Vipande viwili hufungwa kwa waya au jiliwa, vikasimamishwa wima na kupashwa moto kidogo. Fedha huyeyushwa ndani ya chungu kidogo pamoja na boraksi. Ya asilimia 92.5 inakuwa majimaji kamili karibu nyuzi 893 za Selsiasi, lakini fundi huipandisha kidogo zaidi ili isigande njiani. Asiipitilize. Fedha ikiyeyuka hunywa oksijeni nyingi sana, na ikiganda huitema, ndiyo maana unaona uso wenye vipele na matundu. Kijipande cha makaa juu ya fedha ndani ya chungu husaidia kuizuia. Kisha humiminwa kwa mkupuo mmoja bila kusita. Ukisita hata kidogo, utaona mstari pale fedha ya kwanza ilipokutana na ya pili, na pambo litakatika hapo siku moja.

Kinachotoka ni pambo lililonyooka, bapa, jeusi, lenye mkia wa mdomo. Mkia hukatwa kwa msumeno na kurudishwa chunguni siku nyingine. Kisha ni tupa, tupa, tupa. Wasiojua hudhani kusubu ni njia ya mkato, lakini kwenye bangili kama hiyo saa nyingi huishia kwenye tupa na msasa, kwenye kila kona ya ndani ya kila uwazi. Ikishalainishwa hupashwa moto ili ilegee, ndipo hupindwa kwenye fuawe ya mviringo ikapata umbo la mkono. Kikombe cha kushika feruzi hutiwa lihamu, bangili yote hutiwa weusi kwa dawa ya salfa, kisha sehemu za juu hung'arishwa na weusi ukaachwa kwenye mabonde. Feruzi huwekwa mwisho kabisa, maana haiwezi kuvumilia moto.

Ukitaka kuona mtindo huu ukiwa umetulia, tafuta picha za kazi za Ambrose Roanhorse, Mnavajo aliyefundisha fedha katika shule ya Wahindi Wekundu ya Santa Fe kuanzia miaka ya 1930, na aliyeongoza chama cha mafundi wa Kinavajo kilichoanzishwa mwaka 1941. Wakati huo soko la watalii lilikuwa limejaa bangili nyepesi zilizopigwa mihuri ya mishale na ndege. Kampuni ya Fred Harvey ilianza kuagiza vitu vyepesi kwa abiria wa treni tangu mwaka 1899. Roanhorse aliwarudisha wanafunzi kwenye fedha nene, nakshi chache na jiwe moja au hata bila jiwe. Baada yake walikuja kina Preston Monongye na Charles Loloma, ambao kazi zao huhesabiwa upande wa Wahopi. Hawa walikubali alama za chembe za tufa zibaki kwenye fedha, uso ukawa na mkwaruzo wa jiwe lenyewe. Mimi naipenda zaidi njia ya Roanhorse, lakini nikishika kazi ya Loloma naelewa kwa nini aliliacha jiwe liseme.

Sasa bangili ya dada yako. Itazame kwa lenzi. Kama ndani ya mabonde, chini ya weusi, unaona chembe ndogo zisizo na mpangilio, huo ni uso wa tufa. Kama vigongo havilingani sawasawa kulia na kushoto, ni dalili njema, kwa sababu kisu cha mtu hakirudii kitu kile kile. Ukiona upande wa ndani umebonyea kufuata nakshi ya juu, au vitone vya mviringo vilivyozagaa, au mstari wa muungano unaozunguka ubavuni, hapo nitashuku kalibu ya mpira na nta, inayoweza kutoa mamia ya nakala za kazi ya mtu mmoja. Tazama pia kama kuna herufi au alama ya fundi ndani. Kazi za zamani mara nyingi hazina, za sasa kwa kawaida zinayo.

Nasisitiza hili kwa sababu udanganyifu ni mkubwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kitu kwa kudai ni kazi ya wenyeji asilia ilhali sicho, na mtu binafsi anaweza kutozwa hadi dola 250,000 au kufungwa hadi miaka 5 kwa kosa la kwanza. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa New Mexico alifungwa miezi 6 kwa kuuza mapambo yaliyotengenezwa Ufilipino kwa jina la Wahindi Wekundu. Bidhaa kama hizo hushusha bei ya soko zima, na anayeumia ni fundi aliyekaa siku nzima akisugua mawe mawili.

Unaweza kuifanya Mombasa? Ufundi, ndiyo. Jiwe ndilo shida. Usijaribu jiwe letu la matumbawe. Hilo ni chokaa, na unajua mwenyewe linavyokuwa kwenye tanuri. Mawe ya kujengea ya Nairobi na Ndarugu ni majivu ya volkano kama tufa, lakini ugumu na chembe zake hutofautiana sana kutoka shimo hadi shimo. Tafuta kipande laini, chenye chembe ndogo, kisicho na kokoto ndani, ukijaribu kwanza kwa kumimina fedha kidogo. Wakati huo huo jizoeze kwa kitu ambacho bahari inakupa bure: ule ufupa mweupe wa dome, jamii ya ngisi, unaookotwa ufukweni. Masonara wa nchi nyingi husubu pete kwa ufupa huo. Unapasuliwa na kusuguliwa vivyo hivyo, unachongeka kwa ukucha, na utakufundisha njia ya kumiminia na vijia vya hewa bila kupoteza jiwe. Ila hutumika mara moja tu.

Kujua fedha ya kutosha, jaza nakshi kwa nta, itoe uipime, uzidishe uzito wake kwa 11, kisha ongeza angalau nusu kwa ajili ya mdomo. Kalibu iwe kavu kabisa. Unyevu ukikutana na fedha ya moto hugeuka mvuke kwa ghafla na kukutemea fedha usoni, kwa hiyo vaa miwani na aproni ya ngozi. Vumbi la jiwe la volkano ni hatari kwa mapafu: sugua ukiwa umelilowesha na uvae barakoa, kisha liache jiwe likauke siku kadhaa.

Nakshi chonga za kwetu. Mbao za milango ya Lamu zina maua na minyororo iliyokatwa kwa patasi ya mshazari, na patasi hiyo tayari huacha mfereji wa V. Zitakaa vizuri kwenye jiwe kuliko unavyodhani. Naja na ketoh waachie wenyewe.

Kuhusu kupanua, usiifungue kwa mikono. Fedha iliyosubiwa ina vinyweleo ndani, haina uvumilivu wa ile iliyofuliwa, na ikikunjuliwa ikiwa ngumu hupasuka kwenye tepe nyembamba kando ya jiwe. Kuilegeza kwa moto kungehitaji kwanza kuitoa feruzi, na kikombe chake kikifunguliwa mara moja hakirudi kama kilivyokuwa. Kwanza muoneshe dada namna ya kuivaa. Ncha moja iingie kwa ubavuni, pale kifundo cha mkono kilipo chembamba kati ya mfupa na kiganja, kisha aizungushe hadi feruzi ikae juu. Wengi huisukuma kutoka mbele na kudhani ni ndogo. Ikiwa bado inambana, arudi nayo Arizona, na kama kuna alama ndani, muuzaji ataweza kumtafuta aliyeisubu. Anayejua unene aliouchonga kwenye jiwe ndiye wa kuipinda.